Tunaoamini siku sita tusijifiche nyuma ya makosa ya maabara

Ndugu Mhariri,

Mchungaji aliyeandika katika ukurasa huu wiki iliyopita alisema umri wa miamba ya Oldupai ni hesabu za kubuni, na akaleta ushahidi wa aina tatu. Kwanza, kaboni 14 haiaminiki. Pili, kule Turkana, Kenya, jivu moja la volkano lilipimwa likapewa namba tatu zisizofanana hata kidogo. Tatu, lava ya Marekani iliyoganda mwaka 1986 ilipelekwa maabara ikarudi na umri wa miaka 350,000. Akamalizia kwa kuwashauri vijana wetu wasiwasikilize walimu wa sayansi wanapofika kwenye mada hiyo.

Mimi ni mmoja wa walimu hao. Nimefundisha fizikia na kemia sekondari hapa Karatu hadi nikastaafu, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Mwanzo sura ya kwanza naisoma kama ilivyo: ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja. Sijaja kumcheka mtumishi wa Mungu. Nipo upande wake. Ila hoja alizozitoa ni mbovu, na mbaya zaidi ni kwamba ubovu wake unajulikana na yeyote aliyekaa na mada hii wiki moja. Tukiendelea kuzitumia tunawapa watoto wetu silaha ambayo itawalipukia mikononi.

Kaboni haihitaji muda mwingi. Hakuna aliyempima Zinj, lile fuvu la kale la Oldupai, kwa kaboni 14, wala hakuna anayeweza. Kaboni hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ikifika miaka 50,000 imebaki kama sehemu moja kati ya 400 ya ile ya mwanzo, na hapo vipimo vinaanza kugota. Inafaa kwa mkaa wa jikoni kwa mababu, mbao, mifupa ya juzijuzi. Mtu anayesimama madhabahuni na kusema "wanatumia kaboni 14 kutuambia mamilioni ya miaka" anasema jambo ambalo hata huyo anayempinga hajawahi kulisema. Nimelisikia stendi, nimelisikia redioni, nimelisikia kwenye semina ya vijana. Basi tuliache.

Kilichopimwa Oldupai ni potasiamu. Potasiamu ipo kwenye udongo, kwenye ndizi, kwenye damu yetu. Katika kila atomu 10,000 za potasiamu kuna kama moja tu ya aina inayoitwa potasiamu 40, ambayo ni kinururifu: inaoza polepole mno, nusu yake ikiisha baada ya miaka bilioni 1.25, na karibu sehemu moja katika kumi ya zinazooza hugeuka kuwa gesi ya agoni. Sasa fikiria mwamba ukiwa umeyeyuka ndani ya volkano. Agoni haishikamani na kitu chochote. Inatoka kama gesi ya soda iliyofunguliwa. Volkano ikilipuka, jivu likaanguka, fuwele zikapoa, zinaanza maisha mapya zikiwa tupu au karibu tupu. Kuanzia hapo kila agoni inayozaliwa ndani ya fuwele inafungiwa humo. Maabara wanaiyeyusha fuwele, wanahesabu agoni iliyotoka, wanaondoa ile iliyotokana na hewa, wanailinganisha na potasiamu iliyobaki. Basi.

Nilikuwa nawapa wanafunzi wa kidato cha nne lenzi ya mkono na bonge la jivu lililogandamana, lililookotwa nje ya hifadhi (ndani ya bonde huruhusiwi kubeba hata kokoto). Kwa macho ni jiwe la kijivu lisilovutia, linaacha unga vidoleni. Ukilisogeza juani na kuliinamia na lenzi, unaona vipande vyeupe vyenye nyuso bapa, vidogo kuliko chembe ya sukari, vikimetameta ukivigeuza. Hizo ni fuwele za feldispa, zenye potasiamu nyingi. Wanafunzi walikuwa wanagombania lenzi. Nilitaka waone kwamba namba inayoandikwa kwenye kitabu haikuanguka kutoka hewani. Imetoka kwenye kitu unachoweza kukishika.

Mary Leakey alimpata Zinj tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa amelala kambini mgonjwa. Wakati huo Louis alikisia kwamba fuvu lile lina miaka kama 600,000. Angekuwa anatafuta namba ya kumpendeza, angebaki nayo. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakapima feldispa za majivu ya tabaka la kwanza la Oldupai wakapata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio ya mwenye fuvu. Watu wengi walishtuka, wakiwemo wanasayansi. Mwaka 1965 timu nyingine ikatumia njia isiyohusiana kabisa na agoni: kuhesabu nyufa ndogondogo ambazo atomu za urani huziacha ndani ya kioo cha volkano zinapopasuka. Wakapata milioni 2.03, kasoro milioni 0.28 juu au chini. Leo, kwa vyombo bora zaidi, majivu yaliyo chini na juu ya pale alipolala Zinj yanatoa takribani milioni 1.84. Mnaona namba zimesogea. Mnaona pia zimesogea ndani ya uwanja gani.

Kuna jambo jingine la Oldupai ambalo Watanzania wengi hatulijui na tungepaswa kujivunia. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walionyesha kwamba lava ya chini ya bonde ilipoganda, sumaku ya dunia ilikuwa imeelekea kama ilivyo leo, wakati miamba ya kabla na baada yake, duniani kote, inaonyesha sumaku imepinduka. Kipindi hicho kifupi kikapewa jina la bonde letu. Leo ukifungua kitabu cha jiolojia cha Japani au cha Brazili utakuta neno "Olduvai" likimaanisha kipande cha wakati, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita. Mstari huohuo wa sumaku upo kwenye sakafu ya bahari, pande zote mbili za safu za milima iliyo chini ya maji ambako sakafu mpya huzaliwa. Ukipima umbali wa mstari kutoka kwenye safu na kugawa kwa umri uliotokana na agoni, unapata kasi ya mabara kuachana: sentimita chache kwa mwaka. Na sasa setilaiti zinapima kasi hiyohiyo moja kwa moja, mwaka hadi mwaka, zikipata karibu namba ileile. Setilaiti hazijui lolote kuhusu potasiamu.

Nije Turkana, maana hapo ndipo mchungaji ameweka uzito wake wote, na wahubiri wengi wameweka kabla yake.

Mwaka 1969 mwanajiolojia kijana wa Kimarekani, Kay Behrensmeyer, alikuta zana za mawe kwenye tabaka la jivu huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Jivu likaitwa KBS, kifupi cha Kiingereza cha "eneo la Kay Behrensmeyer". Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, akapeleka sampuli Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Jibu la kwanza lilikuwa kati ya miaka milioni 212 na 230. Hapo wahubiri wetu husimama na kufunga kitabu.

Wangesoma ukurasa unaofuata. Waliosema namba hiyo haifai ni Fitch na Miller wenyewe. Jivu la KBS halikuanguka kutoka angani na kutulia tu. Lilizolewa na maji ya mto, likachanganyika na punje za miamba mikongwe ya nyanda za juu. Ukiyeyusha mchanganyiko huo kwa pamoja unapima umri wa taka. Ndiyo, walijua pia kwamba visukuku vya eneo lile haviwezi kuwa vya kale kiasi hicho, na hilo nisilifiche, kwa sababu mchungaji angelileta. Lakini punje ngeni zilikuwepo kweli. Wakaomba sampuli nyingine, wakachagua fuwele, na mwaka 1970 wakachapisha milioni 2.6.

Mwaka 1972 Mkenya Bernard Ngeneo akaona vipande vya fuvu chini ya jivu hilo, fuvu linalojulikana kwa namba 1470. Kwa kuwa lilikuwa chini ya KBS, Leakey akalitangaza kuwa na miaka karibu milioni 2.9, na dunia ikashangilia. Zinj wetu akaonekana kitinda mimba.

Waliovuruga sherehe ni nguruwe. Basil Cooke alikuwa amezoea meno ya nguruwe wa kale wa Afrika Mashariki, hasa gego la mwisho, ambalo katika jamii fulani linazidi kurefuka kadiri unavyopanda kutoka tabaka la chini kwenda la juu. Nguruwe waliokuwa chini ya KBS walifanana na nguruwe wa Bonde la Omo, Ethiopia, kwenye matabaka yenye miaka kama milioni mbili. Siyo 2.6, wala 2.9. Basi ugomvi ukawaka: kambi ya Koobi Fora upande huu, kambi ya Omo upande ule, vikao vya kimataifa vyenye maneno makali. Mwaka 1975 Curtis, yuleyule wa Oldupai, akapima KBS akapata 1.6 na 1.82. Fitch na Miller wakashuka hadi 2.4. Wapimaji wa nyufa za urani nao mwanzoni walikubaliana na 2.4. Miaka ya sabini yote ilikwenda hivyo.

Wanajiolojia Thure Cerling na Frank Brown wakaja na swali rahisi: kila mlipuko wa volkano una kemia yake, je, jivu la KBS lina ndugu Omo? Wakampata, jivu linaloitwa H2, lenye kemia ileile, likiwa mahali ambapo nguruwe walisema litakuwa. Halafu sampuli zikaenda Australia, kwa watu ambao hawakuwa na fuvu la kutetea. Andrew Gleadow akahesabu upya nyufa kwenye zirkoni, fuwele zenye urani, akapata milioni 1.87. Ian McDougall akapima potasiamu na agoni akapata 1.89, kisha kwa njia ya agoni kwa agoni, inayolinganisha aina mbili za gesi hiyo, akapata 1.88. Hiyo ilikuwa 1980 na 1981. Leakey, aliyekuwa na mengi ya kupoteza, akakubali. Fuvu lake likapungua karibu miaka milioni moja.

Sasa namuuliza mchungaji: nani aliyegundua kosa? Siyo sisi tunaoamini siku sita. Hatukuchimba, hatukupima, hatukulinganisha jino hata moja. Kosa liligunduliwa na watu walewale tunaowaita wabunifu wa hesabu, wakigombana hadharani, na liliporekebishwa, nguruwe, urani, agoni na kemia ya majivu vikakutana mahali pamoja. Kama hesabu zingekuwa za kubuni, ugomvi wa miaka kumi ungekuwa wa nini? Wangekubaliana tu.

Na tuangalie ukubwa wa kosa lenyewe. Kutoka 2.6 hadi 1.88 ni kosa kubwa; mwanafunzi wangu angepoteza alama. Lakini ili KBS iwe na miaka 6,000, umri ambao wengi wetu tunaipa dunia, namba ya mwisho inapaswa kuwa imekosewa zaidi ya mara 300, na inapaswa kuwa imekosewa kwa kiasi kilekile na fuwele zenye potasiamu huku, na nyufa za urani kule, katika maabara tofauti. Kosa la Fitch na Miller halitufikishi huko. Tumeliokota barabarani tukadhani ni letu.

Lava ya Marekani sasa. Ni Mlima Saint Helens, uliolipuka 1980, na kuba la lava lililoota ndani ya kreta hadi 1986. Steven Austin, mwanajiolojia anayeamini kama mimi na mchungaji, alichukua kipande cha lava ya 1986 akakipeleka maabara bila kusema kilikotoka, na mwaka 1996 akachapisha majibu: jiwe zima miaka 350,000, na madini yaliyotenganishwa yakatoa zaidi, mengine hadi milioni 2.8. Hayo yalitokea, sikatai. Soda haikutoka gesi yote. Fuwele nyingine ziliota ndani ya volkano kabla ya lava kutoka, zikiwa na agoni ya huko chini, na tatizo hilo wanajiolojia walikuwa wakiliandika tangu miaka ya sitini. Lava ya Hawaii ya mwaka 1800 na 1801 ilichunguzwa mwaka 1968 kwa sababu hiyohiyo.

Lakini msomaji makini atauliza: ikiwa lava ya juzi inaweza kutoa milioni 2.8, Zinj mwenye 1.84 amepona vipi? Swali zuri, na lina jibu. Ile milioni 2.8 ilitoka kwenye piroksini, madini yasiyo na potasiamu ya kutosha. Pasipokuwa na potasiamu, chembe kidogo tu ya agoni iliyonaswa inaonekana kama mamilioni ya miaka. Oldupai hawakupima piroksini. Walipima feldispa zenye potasiamu nyingi, ambamo agoni ya kunaswa inamezwa na agoni iliyozaliwa humo. Na siku hizi hawayeyushi rundo. Wanaipiga leza fuwele moja moja. Ngeni ikiwemo, inajitokeza peke yake na umri wake wa ajabu, na unaiona.

Kama tunataka kujua njia hii inaweza nini, tuijaribu kwa jivu ambalo tarehe yake tunaijua, kwa njia inayofaa na kwa madini yanayofaa. Hilo lilifanyika. Volkano ya Vesuvio, Italia, ililipuka mwaka 79 baada ya Kristo ikazika mji wa Pompeii. Plinio Mdogo, mwandishi wa Kirumi, aliiona kwa macho yake akaandika. Mwaka 1997 Paul Renne na wenzake walipima feldispa za mlipuko huo kwa agoni. Wakapata miaka 1,925, kasoro 94 juu au chini. Miaka ya kweli ilikuwa 1,918. Mhubiri anayetaja Saint Helens bila kutaja Vesuvio hajasema uongo, lakini amechagua.

Nina kijana niliyemfundisha ambaye sasa yuko chuo kikuu akisoma jiolojia. Alikuja nyumbani likizo, akanisalimia, akakaa kimya muda, kisha akasema, "Shikamoo tena Mwalimu, maana nina swali la adabu mbaya." Kanisani walikuwa wamemwambia Zinj alipimwa kwa kaboni. Chuoni wiki ya pili tu akakuta siyo. Hakuniambia ameacha imani, na anakwenda ibada. Alisema sasa hajui ni lipi jingine aliloambiwa pale mbele ambalo nalo si kweli. Nilimwambia nitaandika siku moja. Mchungaji ameniwahisha.

Kuna wapenzi wasomaji watakaouliza: sasa wewe mzee unaamini nini? Naamini Kutoka 20:11, kwamba kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi, bahari na vyote vilivyomo. Naamini kwa sababu ya Neno. Sikuipata imani hiyo kutoka kwenye agoni, na sitegemei agoni iitetee. Namba 6,000 yenyewe haimo katika mstari wowote wa Biblia. Ni hesabu ya vizazi vya Mwanzo 5 na 11, na watu wa Mungu wameihesabu tofauti. Askofu Ussher wa Ireland mwaka 1650 aliweka uumbaji mwaka 4004 kabla ya Kristo. Ndugu zetu wa Ethiopia, Wakristo wa zamani kuliko sisi wote huku, huhesabu kama 5,500 kabla ya Kristo. Nani amewatenga ushirika?

Wapo wanaosema Mungu aliumba dunia ikiwa na sura ya uzee, kama Adamu alivyoumbwa mtu mzima. Kwa mwamba mtupu jibu hilo nalielewa. Linanishinda Laetoli, kilomita kama 45 kutoka Oldupai. Pale, mwaka 1978, zilipatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya jivu la volkano lililolowa mvua. Matone ya mvua yenyewe yameacha vishimo. Jivu linatoa miaka milioni 3.66. Nyayo zinakwenda sambamba, kubwa na ndogo. Mungu ninayemwabudu hakuchora nyayo za watu ambao hawakupita. Walipita. Lini, hapo ndipo imani yangu na vipimo vinapogongana, na sijapata njia ya kuvipatanisha. Naishi hivyo. Nafikiri ni heri kuishi hivyo kuliko kupatanisha kwa hoja ya kaboni.

Na wenzetu wa upande wa pili wasidhani wamepona. Magazeti yetu, na waongoza watalii wengi, husema "miaka milioni 1.75" kana kwamba imesomwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Namba ile ilichapishwa 1961, na tangu hapo imesogea. Mwanasayansi hutoa namba pamoja na kasoro yake, juu na chini, na hueleza kimepimwa nini: mara nyingi ni jivu la juu na la chini, wala si mfupa. Ukiondoa hayo yote ukamwachia mwananchi namba kavu, usishangae akiipokea kama itikadi na kuikataa kama itikadi. Mwandishi wa habari ana nafasi ya kuongeza maneno matano. Aongeze.

Linabaki jambo ambalo mchungaji hakuligusa, na kwa maoni yangu ndilo pekee lenye uzito kwa sisi tunaoamini dunia changa: je, uozo wa atomu umekuwa na kasi ileile siku zote? Kama zamani ulikwenda mbio, miamba inaweza kuonekana mikongwe na isiwe hivyo. Hili halikuachwa bila kuchunguzwa. Kuanzia 1997 kundi la wanasayansi wa imani yetu, chini ya Institute for Creation Research ya Marekani, lilifanya utafiti wa miaka minane. Walikuwa na fedha, walikuwa na shahada, na walikuwa na nia ya kutusaidia. Mwaka 2005 walitoa matokeo. Walikiri kwamba miamba ina alama za uozo mwingi mno: kwa kasi ya leo ungehitaji zaidi ya miaka milioni 500. Hawakusema vipimo ni vya kubuni. Walisema uozo huo ulitokea kweli, ila kwa kasi ya ajabu, siku za uumbaji na wakati wa Gharika.

Halafu wakaandika wenyewe tatizo linalofuata, na kwa hilo nawaheshimu. Uozo hutoa joto. Ukibana uozo wa mamia ya mamilioni ya miaka ndani ya mwaka mmoja wa Gharika, joto lake linatosha kuyeyusha miamba ya ganda la dunia, na bahari ambayo safina inaelea juu yake ingekuwa mvuke. Walisema hawana utaratibu wa kawaida unaojulikana wa kuliondoa joto hilo. Na si joto pekee. Mwili wa mtu mzima una potasiamu 40 inayopasuka zaidi ya mara 4,000 kila sekunde, ndani yako wewe unayesoma hivi sasa. Dozi yake ya mwaka mzima ni ndogo, chini ya milisiviti 0.2 (siviti ni kipimo cha mionzi mwilini, na milisiviti ni sehemu yake moja ya elfu), haituumizi. Ongeza kasi mara milioni 500 na inazidi siviti 80,000. Siviti kumi zinaua. Hata tukisema sehemu moja tu ya elfu ndiyo iliyoangukia mwaka wa Gharika, bado Nuhu na wanawe hawatoki safinani.

Tunaweza kusema Mungu alifanya muujiza wa kuondoa joto na mionzi. Sina ubishi na miujiza, nahubiri ufufuo. Ila tuseme hivyo wazi, kwamba hapa tunasimama juu ya muujiza ambao Maandiko hayakuutaja, tusijifanye tumeshinda hoja ya fizikia. Na kama mchungaji analo jibu la joto lile ambalo wale ndugu wa Marekani hawakulipata kwa miaka minane, ukurasa huu uko wazi kwake, na mimi nitakuwa wa kwanza kulisoma nikiwa na kikokotoo mkononi.

Mwalimu mstaafu wa fizikia na kemia,
Karatu